Tuwaombee Marehemu bila Kuwahatarisha Walio Hai



Ifikapo Novemba 2, sisi wa Kashaulili tumezoea kufuatana makaburini kuwaombea Marehemu Wote. Wapo wanaosema kwamba kupunguza msongamano huo kwa sababu ya UVIKO-19 ni upungufu wa imani. Hatukubaliani nao.

Kanisa lenyewe limetutangulia. Kwa kawaida, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu kati ya Novemba 1 na 8 huwapatia rehema kamili. Mwaka 2020 Idara ya Toba ya Kitume iliruhusu siku hizo nane zichaguliwe ndani ya Novemba nzima, na mwaka 2021 iliruhusu tena. Wazee na wagonjwa waliruhusiwa kusali nyumbani mbele ya picha ya Yesu au ya Bikira Maria, wakinuia kuungama, kukomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu mara watakapoweza.

Chanjo ilizinduliwa nchini Julai 28, 2021, lakini mwaka huo wengi wetu tulikuwa bado hatujachanjwa. Basi jumuiya ndogo ndogo zipangiane siku. Tuvae barakoa, tunawe kwa sabuni na maji tiririka. Bibi asali nyumbani bila kuona aibu, nasi vijana tukapalilie kaburi la babu na kumwombea.

Mwaka 2021 tulipewa mwezi mzima. Upendo kwa babu aliyelala hautudai tumpelekee bibi ugonjwa.