Kilemba Si Uasi
Mwandishi aliyedai juzi kwamba Wakristo wa Akorino huko Nakuru, kwa vilemba vyao vyeupe, ni waasi walioikimbia imani, ameghafilika na tarikhi: Agano Jipya lilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1926, waumini waliokuja kuitwa Akorino walijisomea wenyewe, wakaanza kupambanua amri ya Mungu na ada za wamisionari, ambazo hadi hapo zilihubiriwa pamoja kama kitu kimoja. Jawabu la wakubwa wa dini lilikuwa dharau (nayo dharau haihitaji elimu), na la serikali ya kikoloni lilikuwa risasi, zilizowaua watatu kati yao msituni Ndarugu, Februari 1934. Hapo nani aliyeikimbia imani? Bwana Mhariri, mwambie mwandishi wako asome Kutoka, sura ya 28, aone Haruni aliamriwa kuvikwa nini kichwani.