Masasi hayazaliwi porini

Vijana wenzetu,

Tangu wiki mbili kuna video inazunguka mu WhatsApp za kartie zetu. Mzungu mmoja mwenye ndevu, ndani ya garaji yake, anashusha mkono wa mashine ndogo iliyofungwa ku meza, na risasi mpya inatoka. Chini yake wameandika: «Hivi njo waasi wanafanyaka porini.» Na watu wanaamini! Tunajua nani inamfurahisha. Kama masasi yanatengenezwa porini, basi hakuna wa kuuliza nani aliyauza, nani aliyasafirisha, nani alifumba macho ku bariere.

Sisi hatuna kazi, wakati tuko nao mwingi. Wengine wetu tulisoma shimi miaka mitano, diplome iko ku ukuta wa salon ya mama. Tuliangalia ile video polepole, tukasoma, na tunasema wazi: video ni ya kweli, maandishi ya chini ni uongo.

Yule mzungu anajaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Marekani ni mchezo wa watu wengi, wawindaji na wapenda shabaha. Sheria ya serikali kuu yao haiwaombi leseni kama wanajaza kwa matumizi yao wenyewe. Mwenye kutengeneza ili auze, yeye anaombwa. Vyombo vyenyewe vinauzwa dukani kama masufuria: mashine ya kubana, kalibu za chuma za aina ya risasi anayotaka, mizani ndogo sana ya kupima baruti, kipimo cha urefu, mashine ya kusafisha maganda, na kitabu cha vipimo ambacho hakuna mwenye akili anakikosa, maana kipimo kikizidi bunduki inaweza kupasuka usoni mwake. Hiyo yote mtu anaipanga juu ya meza moja.

Lakini angalieni kile ambacho mashine haifanyi. Risasi nzima iko na vitu vine: ganda, fataki ndogo ya chini inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Mashine inaviunganisha tu. Fataki na baruti haizitoi, mtu anazinunua zimekwisha kutoka kiwandani. Mu 2020 na 2021, wakati wa Korona, fataki zilikosekana mu maduka ya Marekani, na watu wenye mashine nzuri kabisa walibaki mikono mitupu. Ni Marekani, wandugu! Nchi yenye viwanda, na barabara ya lami mpaka mlangoni. Halafu mtuambie kwamba ku Masisi, ambako hata chumvi inafika kwa kubebwa mugongoni, kuna mtu anapima baruti usiku na mizani ya betri.

Tena kuna jambo la ganda lenyewe. Risasi za Kalashi zinazoanguka mu barabara zetu, nyingi ganda lake ni la chuma, na fataki yake ni ya aina inayoitwa Berdan: chini kuna matundu mawili madogo, hakuna tundu la katikati. Vyombo vya yule mzungu vinategemea tundu la katikati kwa kusukuma fataki ya zamani itoke. Kwa hiyo hivyo vyombo, ku maganda yetu, ni bure. (Berdan alikuwa Mmarekani, na ile ya tundu moja ni ya Boxer, Mwingereza. Leo Wamarekani wanatumia ya Mwingereza. Dunia iko hivyo.)

Na tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kwa mashine ya kawaida, mtu aliyezoea anatoa karibu risasi hamsini mpaka mia kwa saa. Kalashi moja inabeba 30, na ikipiga mfululizo inazimaliza kwa sekunde tatu. Kazi ya nusu saa kwa sekunde tatu! Wale waliolala chini ya vitanda mwisho wa Januari 2025, wakati M23 inaingia Goma, walisikia siku nzima. Hakuna meza ya garaji inalisha vita ya namna ile.

Tusidanganyane: wawindaji wa kwetu wanajuaka kurudishia kartushi ya kaliba 12, na mafundi wanatengenezaka bunduki za kienyeji. Ile inaua pia. Lakini si ile ilikimbiza watu mu Rutshuru na Ituri.

Basi masasi yanatoka kiwandani. Hata jirani zetu wanavyo viwanda: Eldoret, Morogoro, Nakasongola. Hatusemi ni wao. Tunasema kila risasi ilizaliwa mahali penye mulango, mlinzi na daftari, na chini ya ganda mara nyingi kuna alama ya kiwanda na mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya msaada wa Rwanda kwa M23. Wameandika pia, na hapa wakubwa wetu wanakohoa, juu ya masasi yanayotoka mu maboma ya jeshi letu wenyewe na kufikia makundi yenye silaha.

Alama ya kiwanda haitoshi. Inasema ganda lilizaliwa wapi, haisemi nani alilinunua. Brazil sheria ya 2003 inaomba masasi ya vyombo vya usalama yaandikwe namba ya fungu kwenye ganda. Mu Machi 2018, Marielle Franco, diwani wa Rio de Janeiro, aliuawa kwa risasi. Maganda yaliyookotwa pale yalionyesha fungu lililouzwa kwa polisi ya taifa mu 2006. Ganda lilisema, na wakubwa walilazimika kujibu maswali.

Na huku? Mu 2005 mataifa walipatana namna ya kufuata njia ya silaha ndogo, lakini masasi wakayaacha nje. Mu 2010 Afrika ya Kati iliandika mkataba wake, tena mu Kinshasa yetu, na ule unataja masasi na hata vipande vya kuyatengenezea. Sheria yetu ya silaha na masasi ni ya Septemba 1985, ya wakati wa Mobutu, inatuzidi miaka wengi wetu. Karatasi tuko nazo. Daftari la boma njo hatulioni.

Tunaomba serikali ianze kwake: kila sanduku linaloingia liandikwe namba, na kila ganda libebe alama ya kikosi kilicholipokea. Na masasi waliyopewa Wazalendo, nani aliyahesabu? Wabunge waulize kwa sauti, si mu koridoo.

Nanyi mnaotutumia picha: risasi ambayo haijapigwa msiiguse, wala bomu, muite wanaojua. Ganda tupu lipigeni picha chini yake, muandike tarehe na mahali, kama hapo mulipo haitawaletea kifo. Tuko na picha moja tayari, ya ganda lililookotwa ku mulango wa shule: alama ya kiwanda, na namba mbili za mwaka. Tunangoja mtu mmoja wa serikali atuambie sanduku lake lilitiwa saini na nani.