Fisi anasingiziwa

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Waulize watu kumi kuhusu fisi, wengi watakujibu kwamba ni mvivu, mwoga na mwizi anayengoja simba ashibe ndipo agugune mifupa. Simulizi ya jioni tumeifanya elimu ya wanyama.

Uongo huo ulibomolewa zamani. Mtafiti Mholanzi Hans Kruuk aliwafuatilia fisi madoa usiku, Serengeti na Ngorongoro, miaka ya 1960. Alikuta kwamba kule Ngorongoro wanaua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Mara nyingi fisi ndio waliomwangusha nyumbu au punda milia. Simba akasikia kelele, akaja kuwatimua na kujitwalia nyama. Kulipokucha, mtalii akamkuta simba anakula na fisi wamezubaa pembeni, akahukumu papo hapo: mwizi ni fisi!

Mvivu gani mwenye mwili kama ule? Moyo wa fisi, ukilinganishwa na uzito wake, unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa simba, ndiyo maana humkimbiza nyumbu kilomita kadhaa bila kuishiwa pumzi. Magego yake hupasua mifupa, na tindikali ya tumboni huiyeyusha, hata kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa.

Wako pia wanaoapa kwamba kila fisi ni dume na jike kwa pamoja. Si kweli. Jike ana kisimi kirefu kinachofanana na uume. Hukojoa kupitia humo, hupandwa humo na huzaa humo. Ni jike kamili, tena ndiye mtawala. Madume wanaohamia kutoka koo nyingine hukaa chini ya majike, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Ukoo mmoja unaweza kuwa na fisi zaidi ya 80, na kila mmoja anajua nani wa kumpisha penye nyama. Huyo ndiye tunayemwita mjinga.

Sikatai kwamba fisi hula mizoga, hupora, na akipata upenyo huingia zizini. Lakini simba naye hula mizoga na hupora, na Kenya imemweka kwenye nembo ya taifa.

Dharau hii ina gharama. Mzoga uliotiwa sumu ili kumkomoa fisi huua pia tumbusi wanaotua kuula, na mabwana afya wote wawili wa porini wakitoweka, mizoga itaozea malishoni na kutuachia magonjwa. Mfugaji aliyepoteza mbuzi ana haki ya kukasirika, na anastahili kusaidiwa kujenga zizi imara. Lakini anayetega sumu porini hana cha kujitetea. Ashtakiwe.