Iniforme iliyomubana mutoto wako isioze ndani ya sanduku

Mwezi wa tisa ukifika, wazazi wengi wa Goma na Bukavu wanajiuliza: feza ya iniforme itatoka wapi? Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure, lakini shimizi nyeupe na kaputula ao jipe ya bulu zinabaki juu ya mzazi.

Na katika nyumba nyingi, iniforme za miaka iliyopita ziko ndani ya sanduku. Mutoto amekomaa, nguo ingali nzima. Panya ndiyo itaivaa.

Sisi wote tunavaa nguo za balo toka Ulaya na Marekani. Sasa kwa nini tuone haya kuuza ya mutoto wetu? Wengine wanaogopa uchawi. Lakini hao hao wananunua ku soko la Kadutu ao la Virunga nguo ya mutoto wasiyemujua.

Nyeupe na bulu inavaliwa karibu inchi nzima: inayomubana wako itamutosha wa jirani. Komite za wazazi zipange siku moja ya kuuziana mbele masomo ianze. Tufue, tupige pasi, tushone vifungo, tuonyeshe tundu bila kuficha. Anayeuza atapata mwanzo wa kununua kubwa. Anayenunua hatalipa bei ya mupya. Mama aliyekimbia vita mikono mitupu, tusimuuzie: tumupe.

Kuuza nguo si haya. Haya ni mutoto kubaki nyumbani juu ya shimizi, na iko moja inaoza kwa jirani.