Nani wa kumstaafisha Kipchoge?

ELIUD Kipchoge alimaliza wa 17 katika marathoni ya New York, Novemba 2, 2025, kwa saa 2:14:36. Mbele kabisa walikuwa Wakenya wenzake wawili, Benson Kipruto na Alexander Mutiso, waliofika kwenye utepe bega kwa bega. Wote waliandikiwa 2:08:09, Kipruto akapewa ushindi. Siku tatu baadaye Kipchoge akatimiza miaka 41.

Mwaka ule ulikuwa umemshusha ngazi kwa ngazi. London mwezi Aprili alikuwa wa sita, Sydney mwezi Agosti wa tisa, kisha hiyo New York. Huyu ndiye aliyekimbia Berlin 2022 kwa 2:01:09, rekodi ya dunia wakati ule, na aliyeshuka chini ya saa mbili pale Vienna mwaka 2019, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa rekodi. Ndiyo maana swali limekuwa kubwa kuliko mtu mwenyewe: mbona hapumziki? Wapo wanaoona anajivunjia heshima. Wengine wanauliza, heshima yake inakuuma nini wewe?

Mimi naona pande zote mbili zinatia vitu viwili katika kapu moja. Kuna mbio anazokimbia kwa jina lake, na kuna nafasi anayopewa kwa jina la nchi. Ukishavitenganisha, nusu ya ubishi inakwisha, na nusu inayobaki ndiyo yenye maana.

Chukua New York. Mbio zile zina mwandaaji, na mwandaaji anamwalika anayemtaka kwa fedha zake. Akimwalika bingwa wa zamani, anajua anachonunua: watu watakaojipanga barabarani, kamera zitakazomfuata, wadhamini watakaofurahi. Mle barabarani walikuwa zaidi ya wakimbiaji 50,000, wengi wao wa kujifurahisha. Hakuna kijana wa Iten au Kapchorwa aliyenyang'anywa bendera ya nchi yake kwa sababu Kipchoge alikuwepo. Baada ya mbio hizo alitangaza kwamba kwa miaka miwili atakimbia marathoni saba katika mabara saba, Antaktika ikiwemo, na kuchangisha fedha za elimu na mazingira kupitia taasisi yake. Hiyo si safari ya kutafuta rekodi. Ni mtu aliyekuwa muuzaji wa jumla na sasa amefungua duka la rejareja. Wenye biashara mipakani wanamwelewa mtu wa namna hiyo upesi: mzee aliyekuwa akishusha malori ya mahindi, sasa anauza gunia moja moja, nani atamfuata kumwambia ameaibisha ukoo?

Kwa hiyo New York siyo tatizo. Tatizo, kama lipo, lilikuwa Paris.

Katika Olimpiki kila nchi inaruhusiwa wanaume watatu tu kwenye marathoni. Kenya ina wakimbiaji wa kujaza basi, na haina mbio za mchujo kwa marathoni. Shirikisho la Riadha Kenya ndilo linalokaa na kuchagua majina. Machi 2024, katika marathoni ya Tokyo, Kipruto alishinda kwa 2:02:16 na Timothy Kiplagat akafuata kwa 2:02:55. Kipchoge alikuwa wa 10 kwa 2:06:50, karibu dakika nne nyuma ya Kiplagat. Miezi miwili baadaye timu ikatangazwa: Kipchoge ndani, Kiplagat akiba.

Siku ya mbio, Agosti 10, Kipchoge aliumwa mgongo, akaachwa, akatembea, na baada ya kupita kilomita 30 akajitoa. Alivua viatu na kuwagawia watu waliokuwa kando ya barabara. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutomaliza marathoni. Wengi tulioiona picha ile ilituuma, na ndiyo iliyochukua kurasa zote, ikafunika habari iliyokuwa na funzo zaidi. Dhahabu ya siku ile ilikwenda kwa Tamirat Tola wa Ethiopia, kwa 2:06:26, rekodi ya Olimpiki. Tola hakuwemo katika watatu wa kwanza wa nchi yake. Alikuwa akiba, akaingia kwa sababu Sisay Lemma aliumia. Ethiopia ilipata dhahabu kutoka benchi. Ya Kenya ilibaki benchi, na Kipruto akarudi na shaba.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba Kiplagat angefua dafu kwenye vilima vya Paris. Marathoni haina hati ya dhamana. Lakini swali la waliochagua linabaki palepale: walipima miguu ya Machi 2024, au walipima medali za Rio 2016 na Sapporo 2021? Kama ni medali, basi walimlipa mtu deni la zamani kwa fedha za leo, na fedha zenyewe hazikuwa zao.

Hapa ndipo wanaosema "wazee waondoke" hupata nguvu, na hapo hapo ndipo wanapokosea. Kipruto aliyeleta shaba alikuwa na miaka 33. Mutiso, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake wote wawili, hakupata medali. Tola mwenyewe alikuwa amebakiza siku moja kufikisha 33. Ukiweka sheria ya umri, unawafukuza waliokupa medali.

Mfano mkubwa zaidi uko upande wa pili wa Namanga. Alphonce Simbu alipata shaba ya dunia London 2017, na tangu hapo Tanzania ikamsubiri. Tokyo 2020 akawa wa saba. Paris 2024, akiwa na miaka 32, akawa wa 17, namba ileile aliyoipata Kipchoge New York. Kwa hesabu ya vijiweni, Simbu alikuwa amekwisha. Aprili 2025 akawa wa pili Boston. Septemba 15, 2025 akaingia uwanjani Tokyo nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akamkamata mwishoni kabisa mwa mbio, wakavuka wote kwa 2:09:48, na picha ikaonyesha Simbu amemzidi kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania, nchi ya Filbert Bayi na Juma Ikangaa, ilipata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kutoka kwa mtu wa miaka 33 ambaye mwaka mmoja kabla wengi tungemwambia akalime.

Wanawake nao wana yao. Edna Kiplagat alikuwa wa tatu Boston 2024 akiwa na miaka 44, na New York hiyo hiyo iliyomwona Kipchoge akiwa wa 17 ilimwona Hellen Obiri, mwenye miaka 35, akishinda kwa rekodi ya njia ile, 2:19:51. Ajabu ni kwamba kelele za kustaafu huwafuata wanaume zaidi. Pengine kwa sababu kina mama hawa hatukuwatangaza vya kutosha walipokuwa juu.

Na mpira? Meddie Kagere wa Rwanda alivuka kutoka Gor Mahia kwenda Simba mwaka 2018, umri wake ukiwa gumzo kabla hata hajagusa mpira Dar es Salaam. Msimu wa kwanza mabao 23 ya ligi, msimu wa pili 22, mfungaji bora mara zote mbili, akiwa na miaka 32 na 33. Simba hawakununua cheti cha kuzaliwa.

Kinachotakiwa kupimwa, basi, ni kazi ya miezi ya karibuni. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kila mwenye kibanda anaifanya bila kufundishwa. Bidhaa iliyotoka vizuri miaka mitano iliyopita unaiheshimu, lakini huagizi shehena kwa kumbukumbu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwalaumu wanaong'ang'ania. Swali la kwa nini bingwa haondoki lina jibu ambalo haliko miguuni. Mwanamichezo wa kwetu hana mshahara wa mwezi unaofuatwa na pensheni. Anaishi kwa zawadi, ada ya kualikwa na mkataba wa viatu, na mikataba mingi ya viatu hupunguza malipo mtu akiacha kushindana au akishuka. Anapata fedha nyingi kwa miaka michache, wakati ule ule ambao jamaa zake wote wanajua namba yake ya simu. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alitangaza kustaafu New York Novemba 2010 baada ya goti kumtoa mbioni, akabadili kauli siku chache baadaye, na hakuacha kabisa mpaka 2015. Huyo alikuwa na mahoteli, shamba la kahawa na kampuni ya magari. Ikiwa mwenye vyote hivyo alishindwa kuondoka mara moja, yule mwenye nyumba moja Eldoret na ng'ombe wanne atawezaje?

Wachezaji wa mpira wanaovuka mipaka wako pabaya zaidi, na hapa ndugu zangu wa Rusumo na Mutukula mtajiona wenyewe. Mtu akicheza miaka mitatu Kigali, mitatu Nairobi, minne Dar es Salaam, michango yake ya hifadhi ya jamii, kama klabu ilichangia, imelala katika mifuko mitatu isiyozungumza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iligusa suala la hifadhi ya jamii kwa mfanyakazi anayevuka mpaka. Miaka zaidi ya 15 imepita na utekelezaji unakwenda kwa kusuasua. Ipo mipango ya watu wasio na ajira rasmi, kama EjoHeza ya Rwanda na Haba Haba ya Kenya, lakini kila mmoja unaishia kwenye kizuizi cha nchi yake. Mwenye duka Busia anayeuza pande zote mbili anajua maana yake: jasho limevuka mpaka, akiba haikuvuka. Anayezeeka katika hali hiyo, awe beki au muuza vitenge, ataendelea kufungua kila asubuhi mpaka mwili ukatae.

Mashirikisho yetu hayawezi kujifanya hayahusiki. Yanakata asilimia, yanapokea wadhamini kwa majina ya hawa watu, yanapanga nao picha uwanja wa ndege. Sehemu ya fedha hizo ingewekwa kando tangu medali ya kwanza, wachache wangehitaji kusukumwa waondoke.

Haya yote si mazungumzo ya kupitisha muda. AFCON 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na kila nchi ina mkongwe ambaye jina lake linajaza uwanja. Mbwana Samatta, kwa mfano, alizaliwa Desemba 1992. Atakuwa na miaka 34 mashindano yakichezwa katikati ya mwaka ule. Olimpiki ya Los Angeles ni 2028, Simbu atakuwa na 36. Shinikizo la kuwabeba kwa heshima litakuwa kubwa, na shinikizo la kuwatupa kwa sababu ya umri litakuwa kubwa vilevile. Njia ya kukwepa yote mawili ni moja tu na haina gharama: makocha na mashirikisho watangaze mapema, hadharani, kipimo kitakachotumika na tarehe ya mwisho ya kupimwa. Kwa marathoni, muda gani, kwenye mbio gani, kabla ya mwezi gani. Kwa mpira, dakika ngapi za ligi katika nusu mwaka. Mkongwe akifikisha, aende, na asisimangwe. Asipofikisha, abaki nyumbani hata kama sanamu yake iko mjini.

Kipchoge mwenyewe amekwisha toka katika hesabu hiyo, na naona ametoka vizuri, ingawa Paris ilichelewa kumwambia. Abaki na mabara yake saba.

Na kwa mliokwisha kuanza kupigiwa simu na mawakala wa jezi za AFCON: zile zisizo na jina mgongoni zitauzika kwa vyovyote. Zenye majina, subirini orodha.