Surua haikomazi mtoto, inamnyang'anya

Kila mara surua inapo ingia kambini, maneno ni yale yale. Wasikilizaji wanayasema kwa simu, yanasemwa kwenye bomba la maji, hata watu walio soma wanayarudilia: «Acheni mtoto aumwe, surua inakomaza mwili. Sisi wote tulipitia.» Ni uongo, tena uongo unao ua. Wale walio pitia wakafa hawako hapa kutoa ushuhuda.

Wafugaji wa Masisi wanajua jambo moja bila kufundishwa shuleni. Ndama akizaliwa, wanahakikisha ananyonya haraka maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano. Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, yaani zile silaha ndogo za damu zinazo kamata mikrobe. Anazipata katika maziwa hayo, saa za kwanza. Akiyakosa, kuhara kidogo tu kunamtosha. Mtoto wa mtu ana bahati zaidi, kwani mama humpa sehemu ya silaha hizo angali tumboni. Lakini zinapungua mwezi kwa mwezi. Ndiyo sababu chanjo ya surua hutolewa kwa miezi tisa, na pale wahami wamesongamana wauguzi wanaweza kuanza kwa miezi sita, kisha kurudilia.

Wakati huo mwili unajifunza kujitengenezea silaha zake. Kila ugonjwa mtoto anao ushinda, kuna chembe za damu zinazo baki zikiukumbuka. Ugonjwa ukirudi, zinautambua na kuuzuia mapema. Kukomaa kwa mwili ni huko: ni kumbukumbu.

Na surua inashambulia chembe hizo hizo za kumbukumbu. Inafanya kama watu wenye silaha wanao ingia kijijini usiku na kuanza kwa kuua walinzi. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizo kuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Hao ni watoto wa Ulaya, wanao kula na kushiba! Mama wa hapa anaposema: «Surua iliisha, lakini sasa anahara, anakohoa, hapati nguvu», watu wanatafuta mchawi. Hakuna mchawi. Mwili umesahau vita ulivyo kwisha kushinda, na inaweza kuchukua miaka miwili au mitatu kujifunza upya. Chanjo haifanyi hivyo. Inafundisha mwili kuijua surua bila kufuta mengine.

Tukumbuke pia hesabu. Mwanzoni mwa 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba surua imekwisha kuua zaidi ya watu 6000 nchini mwetu tangu 2019. Ebola, iliyo leta magari na kamera hadi Beni na Butembo, iliua 2287 katika muda wa karibu miaka miwili.

Jambo linalo niuma zaidi ni hili: surua ina ndugu yake wa ng'ombe, sotoka. Ng'ombe walichanjwa, na tangu 2011 sotoka imetangazwa kwisha duniani kote. Hakuna aliye sema ng'ombe waachwe wakomae.

Lakini kosa si la wazazi peke yao. Viongozi wanao pita na kipaza sauti wakihimiza chanjo wanajua kwamba mwili hautengenezi silaha kwa tumbo tupu. Mtoto mwenye utapiamlo surua inamuua haraka. Mgao wa chakula ukichelewa, hiyo nayo ni njia ya kufungulia surua mlango, na wanao chelewesha waulizwe. Vilevile kuna muuguzi anaye omba franka kwa ajili ya kartasi ya chanjo. Chanjo hii ni ya bure. Mzazi akiombwa feza, akatae kwa sauti, mbele ya watu.

Na kama kartasi ilibaki katika nyumba mliyo ikimbia, msirudi kambini kwa aibu. Mtoto achanjwe tena. Dozi ya ziada haimdhuru.