Paka Mwenye Mfuko wa Maajabu

Watoto wa Japani wanaye rafiki asiyezeeka. Jina lake ni Doraemon, paka wa mashine mwenye rangi ya buluu, asiye na masikio kwa kuwa yaliguguniwa na panya. Tangu siku hiyo, paka huyo akimwona panya hutimua mbio!

Aliyembuni ni mchoraji Hiroshi Fujimoto, na hadithi zake za picha zilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 1969 katika magazeti ya watoto wa shule. Fujimoto alifariki mwaka 1996, lakini waliozisoma utotoni sasa wana wajukuu, nao wajukuu huzisoma vile vile.

Kisa chenyewe ni chepesi. Nobita ni mvulana mzito wa masomo, dhaifu wa michezo, mwepesi wa machozi. Atakapokuwa mtu mzima ataacha deni kubwa litakalowaelemea hata vilembwe wake. Ndipo kilembwe mmoja akamtuma Doraemon kutoka karne ya 22, arudi nyuma kumwongoza babu angali mtoto. Katika mfuko wa tumboni paka huyo hutoa kila chombo: kipanga cha kuvaa kichwani na kuruka, mlango uendao popote, na mkate unaobandikwa juu ya ukurasa, ambao ukiliwa maneno yote hubaki kichwani.

Hata hivyo, vyombo hivyo havimwokoi mvivu. Nobita alikula mkate ule hadi akavimbiwa. Tumbo likamwendesha, na masomo yote yakatoka pamoja na mkate. Mtoto hucheka, na katika kicheko hicho hupokea onyo ambalo asingelisikiliza kama angehubiriwa.

Lakini katika kisa kimoja kinachokumbukwa sana, ushindi hauletwi na chombo. Kilitolewa katika toleo la Machi 1974, mwezi ambao shule za Japani hufunga mwaka. Doraemon hana budi kurudi kwao, naye anahofu kumwacha rafiki asiyeweza kujitetea. Usiku huo Nobita anakutana na Gian, mbabe wa mtaa. Hamwiti Doraemon. Anapigwa, anaanguka, anainuka, anamng'ang'ania, mpaka Gian mwenyewe anachoka na kukubali kushindwa. Nobita ameshinda kwa sababu anataka rafiki yake aondoke na moyo mtulivu. Asubuhi anapoamka, Doraemon hayupo.

Mwezi uliofuata mchoraji alimrudisha paka huyo, na watoto wakafurahi. Lakini somo lilikwisha kuingia. Katika nyumba ambayo baba au mama huitwa kazini usiku wa manane, au hupata uhamisho wa ghafula, kisa hicho hakihitaji kufafanuliwa. Mzazi hutoa mfukoni alicho nacho, naye hujua kwamba ipo siku mfuko huo utakuwa mbali. Furaha yake siku hiyo ni kusikia kuwa mtoto alianguka, akainuka mwenyewe.